Vikapu Kumi na Viwili: Je, Kutupa Chakula ni Dhambi?

Masomo: Yohana 6:1-13, Kumbukumbu la Torati 15:19-23, Malaki 1:6-8



Kuna swali ambalo limekuwa likizunguka katika vikundi vyetu vya nyumbani tangu tuanze kuvuna, na juma hili ningependa tulikalie pamoja. Swali lenyewe ni hili: chakula nilichonunua kwa pesa yangu, au nilichopanda kwa jembe langu, nikikitupa nimemkosea nani? Sikuiba. Sikumnyang'anya mtoto wa mtu. Nyanya ina doa, ndizi imeanza kuwa nyeusi, ugali wa jana umekauka, basi namwaga kwa shimo na maisha yanaendelea. Dhambi iko wapi?

Wengi wetu tuna jibu la haraka. Tunasema ni dhambi kwa sababu kuna watoto wanaolala njaa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini mtu mwenye akili atalipindua papo hapo. Atakuambia, "Sawa, mama. Hata nikiila hii nyanya yenye doa hapa Lugulu, mtoto aliye Turkana atashiba?" Hapo wengi wetu hunyamaza. Mimi sipendi imani inayonyamaza mbele ya swali. Twende kwenye Neno.

Yohana sura ya sita tunaijua tangu Sunday school. Wanaume kama elfu tano, mbali na wanawake na watoto. Mikate mitano ya shayiri, ambayo ilikuwa chakula cha watu wa chini, na samaki wawili. Bwana akashukuru, watu wakala, wakashiba. Wengi tukihubiri tunaishia hapo, kwa sababu muujiza umekwisha na haleluya zimepigwa. Lakini Yesu alikuwa bado hajamaliza. Aliwatuma wanafunzi wake wakaokote vipande vilivyobaki, ili kisipotee chochote. Vikajaa vikapu kumi na viwili.

Sasa simama hapo kidogo uangalie. Mahali pale hapakuwa na mtu mwenye njaa. Wote walikuwa wameshiba. Wala hapakuwa na hofu ya kukosa kesho, kwa maana Yule aliyezidisha mitano angeweza kuzidisha mingine bila kutoka jasho. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kusema "achana na hayo mabaki, tutapata mengine," ni Yesu siku ile. Na ndiye aliyesema yaokotwe. Tena hivyo vilikuwa vipande, si mikate mizima iliyopangwa vizuri. Vilikuwa vimemegwa, vingine pengine vimelala kwenye nyasi.

Kwa hiyo sababu ya kutotupa haianzii kwa njaa ya jirani. Inaanzia kwa mkono uliotoa. Ukimnunulia mtoto wako shati la shule, naye akalitupa kwa sababu kifungo kimoja hakifanani na vingine, hajamwibia mtu. Shati ni lake. Lakini amekuambia neno kuhusu mkono wako na jasho lako. Ndivyo ilivyo kwa nyanya. Nyuma yake kuna mvua ambayo hukuileta, udongo ambao hukuuumba, na mgongo wa mtu aliyeinama kupalilia. Ukiitupa kwa sababu ya sura tu, umemjibu Mtoaji, na jibu lako si asante.

Lakini najua kuna msomaji mwenye Biblia mkononi ambaye tayari anatikisa kichwa. Anasema, "Mungu mwenyewe anakataa vitu vyenye kasoro! Soma Malaki sura ya kwanza. Makuhani walileta wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, na Bwana akawakemea, akawaambia wajaribu kumpelekea liwali wao zawadi kama hiyo waone kama atafurahi." Ni kweli kabisa. Na sisi wa Kipentekoste tumeongeza yetu juu yake. Tunakiri kwamba Mungu wetu si Mungu wa viporo, kwamba hatutakula makombo tena. Basi mtu akitaka kilicho kizuri peke yake, si anafuata mfano wa Mungu wake?

Hapa ndipo ningeomba tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 15, mahali ambapo hatuhubiriwi mara nyingi. Torati inasema mzaliwa wa kwanza wa ng'ombe na kondoo ni wa Bwana. Lakini kama ana kasoro, ni kiwete au kipofu, asitolewe sadaka. Je, afanywe nini? Atupwe? Hapana. Torati inaagiza aliwe nyumbani, ndani ya malango ya mwenyewe, kama vile mtu anavyokula nyama ya paa au ya kulungu, na walio safi na wasio safi wale pamoja. Unaona? Mnyama yule yule, kiwete yule yule. Madhabahuni hafai, mezani anafaa. Kasoro inamzuia kuwa sadaka, haimzuii kuwa chakula.

Mungu alipotaka kisicho na kasoro, alikuwa anatufundisha kutoa kilicho bora. Hakuwa anatufundisha kukataa kula.

Sisi tumeigeuza hiyo amri juu chini. Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada wa mazao yaliyoletwa kama sadaka. Wapendwa, tusidanganyane, sote tumeona kinacholetwa. Jogoo aliyeanza kuchechemea Alhamisi. Sukuma wiki ambayo haikununuliwa Jumamosi. Mkungu wa ndizi ambao ungekaa siku moja zaidi ungeoza. Halafu Jumatatu, mtu yule yule yuko sokoni anabonyeza nyanya moja moja kwa kidole, anakataa hii kwa sababu imepasuka kidogo na ile kwa sababu ni ndogo. Madhabahuni anapeleka kiwete, na mezani anataka kisicho na kasoro. Malaki angekuwa na kazi hapa kwetu.

Hebu tukae kidogo hapo sokoni. Ukisimama Chwele siku ya soko, au soko la Kitale magari yanaposhusha mizigo asubuhi, utaona kazi ya kuchagua inavyofanyika. Kabichi zinavuliwa majani ya nje. Nyanya za kreti zinatengwa: zilizo kubwa na nyekundu sawasawa juu, ndogo na zenye alama kando. Alama hizo zilitoka wapi? Nyingine ni mvua ya mawe. Nyingine ni kusuguana na mbao za kreti kwenye barabara mbaya. Ndani, ladha ni ile ile, na ukiikaanga na kitunguu hakuna mgeni atakayejua. Lakini jioni ikifika, mama mboga ndiye anayebaki na ile iliyokataliwa, na hasara ni yake. Kidole cha mteja hakilipi kitu. Anayelipa ni yeye, na nyuma yake mkulima, ambaye msimu ujao ataambiwa bei imeshuka kwa sababu mali yake haina sura.

Jambo hili si la soko letu pekee. Wako wakulima wa Kenya wanaopanda mboga za kupelekwa Ulaya, yale maharagwe membamba ya kijani yakiwamo, na maduka makubwa ya huko yamekuwa yakipima mboga hizo kwa unyoofu na urefu. Iliyopinda inakataliwa, hata kama ni nzuri ya kula. Mwezi wa Februari 2013, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilifanya jambo la kufikirisha pale Gigiri, Nairobi. Mawaziri na maafisa kutoka nchi nyingi walialikwa chakula cha jioni, nacho kilipikwa kwa matunda na mboga za wakulima wetu zilizokuwa zimekataliwa na maduka ya Uingereza kwa sababu ya sura. Wakubwa hao walikula kilichoitwa takataka, na kilikuwa chakula kizuri.

Na wazee wetu wanakumbuka mwaka 1984. Mvua ilikataa, ghala zikakauka, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Yalikuwa mahindi, yalisagika, yalisongeka. Lakini watu wengi waliyalalamikia kwa sababu ya rangi, kwani macho yetu yalizoea ugali mweupe. Njaa ndiyo iliyotufundisha kuwa rangi haishibishi wala hainyimi shibe. Swali langu ni hili: ni lazima tungojee njaa ndiyo itufundishe?

Sitaki kuwapiga na hesabu nyingi, ila mbili zinatosha. Ripoti ya UNEP iliyotolewa 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, hoteli na maduka, na kwamba sehemu kubwa zaidi, asilimia 60, ilitoka majumbani. Mwaka huo huo watu kama milioni 783 walikuwa na njaa. Na ripoti yao ya 2021 ilikadiria kwamba nyumba za Kenya hutupa kama kilo 99 kwa kila mtu kwa mwaka, ukihesabu pamoja na maganda na mifupa. Wewe mkulima unajua gunia la mahindi ni kilo 90. Toa maganda, toa mifupa, bado kuna cha kujiuliza.

Sasa nifike mahali pagumu, maana nisipopagusa nitakuwa nimewapoteza.

Si kila chenye kasoro ni chakula. Hapa kwetu Bungoma na kule Trans Nzoia, mara nyingi tunavuna mvua ikiwa bado inanyesha. Mahindi yanaingia stoo na maji. Bodi ya nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na haifanyi hivyo kwa ubaya. Mahindi mabichi yakirundikwa hushika kuvu, na kuvu nyingine huleta sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Hao walikuwa watu kama sisi, waliokula mahindi waliyokuwa nayo.

Sasa tunafanya nini na punje zilizoshika kuvu? Wengine wanawauzia wapika busaa. Wengine wanampa ng'ombe, na sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Wengine wanachanganya kidogo kidogo na mazuri na kupeleka kisiagi. Na kuna lile linaloniuma kuliko yote: mtu anajaza debe, anampelekea mjane wa kijiji, anarudi nyumbani akijihesabia haki kwamba hakutupa na tena amesaidia maskini. Wapendwa, hiyo si huruma. Hapo amehamisha shimo lake la takataka akalichimba ndani ya tumbo la mjane.

Hapa ndipo Malaki anarudi. Katika Mathayo 25 Bwana alisema kwamba tunalomtendea aliye mdogo kabisa, tunamtendea Yeye. Kama ni hivyo, sahani ya maskini ni madhabahu. Na tukishasema sahani ya maskini ni madhabahu, hatuwezi kuweka juu yake kile ambacho sisi wenyewe tungekiogopa.

Ndiyo maana napenda namna Torati ilivyopanga habari ya mavuno. Walawi 19 inamwagiza mkulima asivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba, aache pembe hizo kwa maskini na mgeni. Pembe ya shamba si sehemu iliyooza. Ni mahindi yale yale, ya mbegu ile ile, yaliyonyeshewa mvua ile ile. Ruthu alipookota masazo katika shamba la Boazi, shayiri aliyopeleka kwa Naomi ilikuwa ile ile iliyoingia ghala la Boazi. Tena Boazi aliwaambia vijana wake wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kumwachia makusudi. Maskini wa Biblia hakupewa kilichokataliwa na tajiri. Alikula kutoka shamba moja na tajiri.

Kwa hiyo kipimo changu kimekuwa swali moja fupi: hiki ningekiweka mezani mwangu, mbele ya watoto wangu? Kama ningekiweka, basi kiliwe, au kigawiwe bila haya, hata kama kina doa. Kama nakikataa kwa sababu ya sura peke yake, basi kinachohitaji kutengenezwa ni jicho langu. Na kama nakikataa kwa sababu kitadhuru, basi asipewe mtu yeyote, wala ng'ombe, wala mpika pombe. Kifukiwe. Kufukia mahindi yenye kuvu si kupoteza chakula. Chakula kilikwisha kupotea siku tulipoanika vibaya.

Neno la mwisho ni kuhusu jikoni, mahali nilipohudumu miaka mingi, kwenye mikutano, harusi na matanga. Ninyi mnaopakua mnanijua na mnalijua jambo hili. Watu wakishaondoka, tunabaki na ndoo zilizojaa: mlima wa wali ulioguswa upande mmoja, ugali uliomegwa tonge mbili, nyama ya mtoto ambaye aliwekewa sahani ya mtu mzima. Tunajua sababu yake. Kwetu, kumpakulia mgeni kidogo ni matusi. Na hakuna aibu inayoogopwa na wamama kama chakula kuisha kabla ya watu kuisha. Heshima hiyo ni nzuri na sitaki tuipoteze. Lakini mana ya jangwani inatufundisha upande wa pili wa vile vikapu kumi na viwili. Kila mtu aliokota kadiri ya ulaji wake, na waliojiwekea mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu. Kukusanya baada ya kula ni vizuri, na kupima kabla ya kupakua ni vizuri zaidi. Tunaweza kupakua kwa kiasi na kumwambia mgeni kwa sauti, "Baba, karibu tena, sufuria iko." Mgeni aliyekaribishwa mara ya pili amepata heshima mara mbili.

Na kilichobaki kwenye sufuria, kikiwa safi na bado cha moto, kipakuliwe na kupelekwa usiku huo huo kwa wagonjwa na wazee ambao hawakuweza kufika. Tusingojee mpaka kesho kutwa kikiwa kimechacha, halafu tukiite msaada.

Kuna atakayesema huu ni uchoyo uliovalishwa nguo ya dini. Hapana. Mchoyo naye hutupa chakula, ila yeye hutupa kwa kuchelewa: anafungia stoo mpaka wadudu wamalize. Yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi hakutupa hata punje moja, na bado Mungu alimwita mpumbavu. Kutotupa peke yake si utakatifu. Utakatifu ni kujua kilichotoka kwa nani, na kinapaswa kufika wapi.

Tena tuangalie sana jicho letu. Jicho lililozoea kutupa nyanya kwa sababu ya doa haliishii sokoni. Siku moja linamtazama mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda, au kijana aliyeanguka mtihani, au dada aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na linapima kwa kipimo kile kile. Ni nani kati yetu aliyefika kwa Bwana akiwa mkate mzima? Wengi tuliokotwa kama vipande, tukawekwa kikapuni ili tusipotee.

Basi juma hili, kabla ya sadaka ya mavuno, ninaomba kila nyumba ifanye yafuatayo. Malimbuko ya Bwana yachaguliwe kwanza, kabla hujajaza gunia la nyumba, na kwa mikono yako mwenyewe. Sokoni, nunua angalau fungu moja ambalo wengine wamelipita, na usimpunguzie mama mboga bei hadi atoke machozi. Shambani, acha pembe moja, na jirani asiye na shamba aambiwe wazi kwamba ni yake. Na mahindi yachambuliwe juu ya turubai mchana kweupe, yenye kuvu yaende shimoni, hata kama roho inauma.

Bwana aliyetaka vipande visipotee azibariki meza zenu. Amina.